Aliyeanza Kabla ya Wenzake

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa tano, mwaka juzi, wimbo wa kisima uliondolewa mtandaoni. Ndani ya wimbo huo ilikuwamo sauti ya mke wangu, ambaye wakati huo alikuwa kaburini kwa zaidi ya miaka sita. Sikuwa na sauti yake nyingine mahali popote.

Siku yenyewe sikujua. Tulikuwa kwenye mavuno ya mpunga, na wakati wa mavuno mtu akirudi nyumbani anaoga, anakula, analala. Nilijua Jumapili jioni, nilipopanda kichuguu.

Nieleze habari ya kichuguu. Tunakaa Magamba, nje kidogo ya mji wa Mpanda. Nyumba yangu ni ya matofali ya kuchoma na bati, na laini yangu ya simu haishiki chini ya bati hilo. Lakini nyuma ya nyumba, upande wa shimo la taka, kuna kichuguu kikubwa ambacho hatukukivunja wakati wa kujenga. Ukisimama juu yake mtandao unakuja wote. Watoto wamekilainisha kwa kukikalia. Hapo ndipo nilipokuwa nikisikiliza wimbo wa kisima kila Jumapili jioni. Nilikuwa nanunua bando dogo, nasikiliza mara moja, mara ya pili bando likiruhusu, kisha nashuka kuangalia ng'ombe kama wamefungwa.

Jioni ile niliandika jina la kwaya yetu kama kawaida. Zikaja nyimbo zetu nyingine. Wa kisima haukuja. Nikafikiri ni bando. Nikazima simu, nikawasha. Nikatafuta ule ujumbe wa zamani ambao mwenyekiti wa kwaya alitutumia wimbo ulipotoka, nikabonyeza, pakaja weusi na maneno ya Kiingereza. Nikamwita binti yangu mkubwa, ambaye wakati huo alikuwa anajiandaa kwenda sekondari.

"Inasemaje hapa?"

"Inasema video haipo tena. Imeondolewa."

"Na nani?"

"Na wenyewe walioiweka, baba."

Mdogo wake, mtoto wangu wa mwisho, alikuwa amekaa miguuni pangu akisubiri. Yeye alikuwa hauiti wimbo kwa jina lake. Alikuwa anasema, "Twende kwa mama," maana yake twende kichuguuni. Alipoona dada yake ananirudishia simu akauliza, "Mama amekataa?"

Mke wangu alitoka katika familia za wakulima ambao wazazi wao walikuja kutoka Burundi. Alizaliwa huku huku. Baba yake aliwalea wanawe kwenye jembe, na kwao walilima kwa mstari, ndugu na majirani wote bega kwa bega, wakiimba. Aliniambia kwamba anayeanzisha wimbo kwenye mstari wa kulima lazima aanze kabla ya jembe kushuka, tena kwa nguvu, ili walio mwisho wa mstari wasikie na wapate kuingia pamoja. Ukisubiri jembe, wa mwisho watachelewa na mstari utapinda. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyoimba maisha yake yote. Hata kanisani, mahali pasipo na jembe, aliingia kabla ya wenzake. Kidogo tu, kama mtu anayefungua mlango na kuushikilia ili wengine wapite.

Kwaya ilipokwenda kurekodi wimbo huo mjini, fundi wa studio alihangaika naye sana. Mimi nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi la mlangoni na viatu vya wanakwaya, maana fundi alikuwa hataki vumbi ndani.

"Mama, unawahi," fundi alisema. "Subiri biti."

"Biti ndiyo inisubiri mimi," mke wangu alijibu. "Mimi nimeanza kuimba kabla hujanunua hiyo mashine."

Kwaya nzima ikacheka. Fundi naye akacheka, lakini akasema basi atamvuta nyuma kwa kompyuta akae sawa na wengine. Akajaribu. Akatusikilizisha. Ikawa sauti ni yake lakini si yeye. Mwenyekiti wa kwaya akasema, "Mrudishe alipokuwa. Huyo ndiye anayetuamsha sisi." Fundi akamrudisha.

Picha walipiga siku nyingine, kando ya mashamba, wamevaa vitenge vya kijani. Mke wangu alikuwa na mimba ya huyu wa mwisho, imeshaonekana, kwa hiyo fundi akamweka mstari wa pili na kumpa mtungi wa kuazima aushike tumboni. Ndiyo maana mtoto alikuwa anasema hata yeye yumo kwenye video. Dada yake alikuwa anamkatalia.

"Hukuimba wewe, ulikuwa tumboni."

"Nilikuwa naimba humo humo."

"Hata sauti ya mama huijui. Ulikuwa unanyonya tu."

"Naijua. Ya kichuguuni."

Mke wangu alifariki kwa kifua mtoto akiwa anaanza kusimama kwa kushika ukuta. Dada yake anaikumbuka sauti ya mama akiita kuku, akigomba, akicheka na jirani juu ya ua. Huyu mdogo hana hata moja ya hizo. Alichokuwa nacho ni wimbo wa kisima. Hapo ndipo palipokuwa na uzito wangu. Mimi nikifumba macho bado namsikia, ingawa siku hizi inanibidi nitulie sana. Mtoto akifumba macho hasikii kitu.

Jumatatu, kesho yake baada ya kuukosa wimbo, nilikwenda kwa mwenyekiti wa kwaya. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi ya mbegu.

"Bwana asifiwe, mzee."

"Amina, ndugu yangu. Kaa. Najua kilichokuleta."

Hakuwa mtu wa kuzunguka. Akaniambia kwamba mpiga kinanda wetu amemchukua binti wa watu na kuishi naye bila ndoa, wazee wa kanisa wamemsimamisha huduma miezi sita, na kwenye wimbo wa kisima yeye ndiye anayeonekana mbele tangu mwanzo hadi mwisho. Wazee wakasema wimbo uwekwe pembeni mpaka atakaporudishwa.

Mtu wa nje anaweza kushangaa, lakini kwetu hilo si jambo geni. Tangu enzi za kaseti, mwanakwaya anayesikika sana akianguka, kaseti aliyoimba haipigwi kanisani. Inafungiwa kwenye kabati la ofisi ya mchungaji. Siku anaporudishwa, anasimama mbele, anatubu, anaombewa, kisha kaseti inatolewa kabatini na kupigwa hapo hapo, na watu wanampokea kwa kucheza. Nimeyaona hayo zaidi ya mara moja. Kuna mama mmoja alirudishwa hivyo nikiwa kijana, akalia mpaka kaseti ikafika mwisho na kugeuzwa upande wa pili. Ni desturi nzuri. Inamwambia mtu kwamba nafasi yake bado ipo.

"Kwa hiyo ni kama uko kabatini?" nilimuuliza mwenyekiti.

"Ni kama kabatini. Ila hili halina hata ufunguo wa kupotea. Fundi ameondoa kwa kidole, atarudisha kwa kidole."

Nilimwambia sawa. Sikuona ubaya. Ningekuwa mimi ni mzee wa kanisa ningenyoosha mkono pamoja na wengine. Nikamwombea kijana arudi mapema, na sikumwombea kwa ajili yake peke yake, nasema kweli.

Baadaye sana ndipo nilipofikiri jambo ambalo hakuna aliyelifikiri siku hiyo. Kaseti zilipofungiwa kabatini, zilizofungiwa zilikuwa za kanisa. Zile zilizouzwa zilikuwa nyumbani kwa watu, Sibwesa, Mishamo, hadi Kigoma, na hakuna mzee wa kanisa aliyeweza kuzifuata moja moja. Adhabu ilikuwa ya kanisani, na wimbo uliendelea kuishi huko mitaani. Lakini huu wa sasa ulikuwa mahali pamoja tu, na wote tulikuwa tunakwenda kuuchungulia hapo. Ulipofungwa hapo, ulifungwa kila nyumba kwa siku moja.

Tukasubiri. Nilimwambia mtoto kwamba wimbo umepumzishwa. Aliuliza kila Jumapili kwa majuma mengi, kisha akaacha kuuliza, na kule kuacha kuuliza kulinisumbua kuliko maswali.

Mvua zilianza, tukapanda. Kijana naye alifunga ndoa na yule binti, akatimiza muda wake, na Jumapili moja akasimama mbele ya kanisa na mke wake. Alitubu kwa maneno machache. Wazee wakamwekea mikono. Mwenyekiti wa kwaya akatangaza kwamba kuanzia wiki hiyo wimbo wa kisima utarudi, na watu wakapiga makofi. Binti yangu mdogo alinishika mkono. Alikuwa ameelewa.

Jumanne mwenyekiti alikuja kwangu mwenyewe kwa baiskeli. Nilipomwona anaiegemeza ukutani bila kunisalimu kwanza, nikajua.

"Ndugu yangu, twende wote mjini ukasikie kwa masikio yako. Nisije nikaonekana nimebuni."

Tulimkuta fundi studioni. Studio yenyewe imekuwa nusu: upande mmoja vifaa vya muziki, upande wa pili anauza makava ya simu na chaji. Alitupa viti. Akafungua droo, akatoa kidubwana cha chuma bapa kama kiberiti kikubwa, akakiweka mbele yetu.

"Wazee wangu, siwadanganyi. Nyimbo zote za zamani zilikuwa humu. Umeme ulikatika, ukarudi kwa hasira, mashine ikaungua. Nimempa fundi mmoja, nimempa wa pili. Hakisomi."

"Lakini wewe si uliuondoa tu pembeni?" mwenyekiti alimuuliza. "Tulikwambia utaurudisha."

"Mzee, kule nilifuta. Kufuta na kuficha ni tofauti. Mlisema uondoke, nikafuta, nikijua ninao hapa. Ningejua haya yatatokea ningeficha tu."

"Kwa hiyo kabati limeungua," mwenyekiti alisema.

Fundi hakuelewa habari ya kabati. Mimi nilielewa. Mwenyekiti alivua kofia, akakaa nayo magotini. Nje mtu alikuja kuulizia kava la simu, fundi akamwambia arudi baadaye. Simlaumu fundi. Alikuwa na majonzi ya kweli; ile ilikuwa kazi yake ya miaka. Pia sikumlaumu mwenyekiti, ingawa yeye alitaka nimlaumu. Njiani tukirudi alisema mara mbili, "Sema neno, ndugu yangu."

Kitu kingine kilichokwenda na wimbo ni maneno ya watu. Mke wangu alipofariki, mtu fulani wa kwaya aliandika chini ya ile video kwamba mama wa mstari wa pili mwenye mtungi amelala. Watu wakaanza kuandika. Pumzika mama. Pole kwa familia. Mwingine wa Kigoma aliandika kwamba aliwahi kuimba naye kwenye mkutano, na kwamba alikuwa anawahi kuanza. Nilikuwa nayasoma hayo juu ya kichuguu kama mtu anavyosoma majina kwenye misalaba. Yote yalifutika pamoja, na hakuna aliyekuwa na nakala, kwa sababu nani anaandika nakala ya pole?

Nikaanza kutafuta. Nilikwenda kwa wanakwaya nyumba hadi nyumba. Kila mmoja alikuwa na hakika kwamba anao. Walifungua simu zao, wakatelezesha kidole, juu, chini, kisha wakanitazama. "Si ulikuwa mtandaoni?" waliniambia. Ndiyo, ulikuwa mtandaoni, na kwa sababu hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuweka kwake.

Nilikwenda kwenye kibanda cha sokoni ambako zamani tulikuwa tunaingiziwa nyimbo kwenye memori kadi. Nakumbuka foleni yake siku za mnada, na spika mbili kubwa mlangoni. Sasa mwenyewe ni wakala wa kutuma pesa. Spika moja ameifanya meza.

"Mzee, siku hizi nani anajaza nyimbo?" aliniambia. "Kila mtu na bando lake. Ile kompyuta niliuza."

"Na nyimbo zilizokuwamo?"

"Zilikwenda nayo. Aliyeinunua alikuwa anataka kuandikia barua."

Nilikwenda kwenye redio ya mjini. Mtangazaji alinipokea vizuri. Akasema zamani kwaya zilikuwa zinaleta sidii mkononi, zinapangwa kwenye rafu, lakini rafu ilishaondolewa, na sasa wakitaka wimbo wanauchukua mtandaoni dakika ile ile. Akatafuta mbele yangu. Akapata ule weusi nilioupata mimi.

Kisha mtu akaniambia kwamba Sibwesa kuna familia iliyonunua sidii ya kwaya yetu siku ya mkutano wa injili. Nilipanda pikipiki nikaenda. Mama mwenye nyumba alinikumbuka kwa sababu ya mke wangu, akanipa pole upya kana kwamba msiba ni wa jana. Akaniambia sidii ipo, twende nayo shambani. Sikuelewa mpaka tulipofika kwenye mpunga. Walikuwa wamefunga kamba kuzunguka majaruba, na kwenye kamba wamening'iniza sidii, zinazunguka kwa upepo na kumulika jua ili ndege waogope. Tukazipitia moja moja, yeye na mimi, tumeinama. Ya kwetu ilikuwa kona ya mwisho, karibu na maji. Picha ya kwaya ilikuwa imebanduka, zimebaki nguo za kijani.

"Deki yetu ilikufa zamani," mama yule alisema, kama anayeomba radhi. "Nikaona zisikae bure."

"Inafukuza ndege?"

"Hiyo inafukuza sana. Inang'aa kuliko zote."

Alinifungulia, akanifungia kwenye kanga. Mjini nilimtafuta mtu mwenye deki. Akaiweka, ikanguruma, ikazunguka, ikatulia. Akaifuta kwa shati lake, akaiweka tena. Haikusoma. Ilikuwa imekwaruzika kama sahani ya bati. Nilirudi nayo nyumbani. Binti yangu mdogo aliiomba, akaitundika dirishani kwake, na asubuhi mwanga wake unatembea ukutani.

Mwaka jana kwaya ilirekodi wimbo wa kisima upya. Mwenyekiti alikuja kuniomba ruhusa, ingawa wimbo wa kwaya ni wa kwaya na hakuhitaji ruhusa yangu. Anayeongoza sasa ni dada mmoja mwenye sauti safi sana, safi kuliko ya mke wangu, lazima niseme hivyo. Mpiga kinanda amepiga vizuri. Fundi amenunua mashine mpya. Watu wengi wameusikiliza, mpaka kutoka nje ya nchi, na safari hii mwenyekiti ameuweka kwenye simu tatu na kwenye kabati la ofisi ya mchungaji, ndani ya flashi, ndani ya bahasha. Niliusikiliza kichuguuni na wanangu. Wote wanaingia pamoja. Hakuna anayewahi.

"Mzuri," binti yangu mkubwa alisema.

"Mzuri," nikasema.

Mdogo alishuka, akaenda kucheza.

Sasa nieleze la juzi na jana, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike.

Juzi Jumamosi alikuja shemeji yangu, kaka wa marehemu. Yeye anakaa Kapalamsenga, ziwani, anavua na kulima mihogo, na mara chache akileta dagaa mjini analala kwangu. Hajawahi kuwa na simu kubwa. Ana simu ya vitufe, ya miaka mingi, kioo kimekufa nusu, na namba nyingine lazima azibonyeze kwa ncha ya kijiti. Tulikuwa tumekaa tunakula ugali, yeye, mimi na binti mdogo. Mkubwa yuko shuleni, bweni.

Simu ya shemeji ikaita mfukoni mwake. Na ilichoita ni kiitikio cha wimbo wa kisima.

Mkono wangu ulibaki kwenye bakuli. Ilikuwa rekodi ile ya zamani. Ilikuwa na makelele na mikwaruzo, lakini mke wangu alikuwamo, na aliwahi kuanza. Sauti moja, kidogo tu, kisha zote. Shemeji akabonyeza haraka.

"Halo! Dagaa zipo! Zipo, tena kavu kabisa! Njoo kesho sokoni!"

Alipomaliza akatukuta tunamtazama.

"Nini?"

"Shemeji, huo mlio umeutoa wapi?"

"Huu? Niliunasa hapa hapa kwako, siku ya msiba, walipokuwa wanaupiga kwenye spika. Nilichelewa kubonyeza, nikapata kipande cha kuitikia tu. Miaka yote ndio mlio wangu." Akamtazama mpwa wake, akashusha sauti. "Mimi nilijua nyie mnao mzima."

Tulijaribu kuufungua kwenye simu yake tuupige tu, bila kupigiwa. Haikuwezekana. Sehemu ya kioo inayoonyesha hayo ndiyo iliyokufa, na kitufe cha katikati hakibonyezeki. Namna ya kuusikia ni moja: simu ipigiwe. Kesho tutaipeleka mjini kwa fundi simu. Sijui kama ataweza kuutoa. Shemeji amesema hata ikibidi ivunjwe, ivunjwe.

Jana, baada ya kutoka kanisani, binti yangu alisema anataka kuusikia vizuri, bila dagaa. Nyumbani simu zilikuwa mbili, ya shemeji na yangu. Laini ya shemeji inashika ndani. Yangu haishiki. Kwa hiyo shemeji aliweka simu yake juu ya kigoda, akamkalisha mpwa wake mbele yake, akamwambia, "Usiguse kitufe cha kijani. Ukigusa anakatika. Mwache aimbe mpaka achoke mwenyewe." Mimi nikatoka, nikapanda kichuguu.

Nilikaa pale pale nilipozoea. Nikapiga. Sikioni mwangu kulikuwa na ule mlio wa kawaida tu wa simu inayoita, na huko ndani, chini ya bati, najua alikuwa anaimba. Kutoka kichuguuni sauti haifiki. Niliona mlango, na kisigino cha mtoto kwenye mkeka. Ikaita, ikaita, ikakata. Nikapiga tena. Ikaita.

Kisha ikapokelewa.

"Baba?"

"Mbona umepokea? Mjomba si amekwambia usiguse?"

"Nimepokea nikuulize. Wanaimba wengi. Mama ni yupi?"

Nilisikia shemeji nyuma yake anasema kitu.

"Mama ni yule anayeanza kabla ya wenzake," nikamwambia. "Sikiliza mwanzo kabisa. Usisubiri wengine. Kuna sauti moja inatangulia. Huyo."

Nilimsikia anapumua.

"Haya. Kata, upige tena."

Nikakata, nikapiga tena.